Poncho Lisilofuliwa

Kilichomshtua Eusebia kwanza kilikuwa maganda ya viazi.

Mgeni wake, Don Horacio, alikuwa amekaa jikoni kando ya moto, amejifunika poncho la sufu hadi magotini, anamenya viazi vya kuchemsha kwa ukucha wa kidole gumba. Hilo si kitu, kila mtu humenya anavyojua. Lakini maganda hakuyatupa chini wala hakuyarudisha kwenye bakuli. Alivua kofia yake, akaipindua mapajani, akawa anayatia humo moja moja. Alipomaliza aliinuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pembe ya giza nyuma ya kuni, pale wanapolala simbilisi wa Eusebia, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni kwa kitoweo, akawamwagia, huku akiwapigia mluzi mdogo katikati ya meno. Simbilisi wakatoka mbio wote, mpaka wale vichanga.

Mtu huyu alikuwa na siku tatu tu katika nyumba ile. Alikuwa mfamasia mstaafu wa Montevideo, mtu wa lami na taa za barabarani, na tangu afike alikuwa akiwakwepa wale simbilisi, akisema wanamwangalia vibaya. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewapelekea maganda kwa kofia. Huyo alikuwa Saturnino, mume wa Eusebia, aliyepotea kwenye theluji huko juu miaka mitatu iliyopita.

Eusebia alishika mwiko kwa mikono yote miwili. "Don Horacio," alisema kwa sauti ya chini, "nani amekuonyesha walipo?"

Mgeni akageuka, akamtazama, akatabasamu. "Viazi vya mwaka huu vina maji sana, Bata," alisema.

Bata lilikuwa jina la ndani ya nyumba, jina la utani la mume kwa mkewe kwa sababu ya mwendo wake. Hata mama yake mzazi hakulijua.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi mtapotea.

Eusebia ana vyumba viwili vya wageni chini ya njia ya mlimani, pale barabara ya kwenda Kusko inapoanza kujipinda. Wageni wake ni watu wa ndege. Hutoka mbali, huamka saa kumi alfajiri, hupanda hadi kwenye msitu wa kenyua, ile miti mifupi yenye magome mekundu, kando ya ziwa dogo, wakalala kifudifudi kwenye tope la baridi kumvizia ndege wa kahawia asiyejaa kiganja, anayetikisa mkia. Hawamli, hawamfugi. Wanamwandika kwenye daftari, basi, wanashuka wakilia kwa furaha. Eusebia huwacheka, lakini huwapenda, kwa sababu ni watu wapole na hawabakizi chakula.

Don Horacio alikuja Jumanne, peke yake, na mkoba na darubini kuukuu.

"Huna mke, Don Horacio?" Eusebia alimuuliza akimpa supu.

"Ninaye dada, Graciela. Kwa kugombezwa ananitosha kabisa," alijibu. Na kweli kila jioni saa moja simu ililia, na Eusebia akasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kama amevaa soksi za sufu.

Jumatano mvua ikamlowesha mgeni mpaka kwenye mifupa. Koti lake lilining'inizwa juu ya moto usiku kucha na Alhamisi alfajiri bado lilikuwa linadondoka maji. Lakini ndege alikuwa hajamwona, na kurudi Montevideo bila kumwona asingeweza. Eusebia akamhurumia. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na poncho la Saturnino, jekundu lenye mistari myeusi, halijaguswa tangu siku ile. Mkono wake ulisita kidogo. Kisha akalitungua.

"La nani hili?"

"La mume wangu."

"Hatakasirika?"

"Angekuwa wa kukasirika angekuja kulichukua mwenyewe," Eusebia alisema, wakacheka wote wawili.

Mchana mgeni alirudi kutoka mlimani, na asingekuwa amevaa poncho lile, Eusebia asingemtambua. Uso ulikuwa umepauka, midomo imekauka, viatu vimejaa tope jeusi la ziwani. Alisema ukungu ulishuka ghafla hata hakuona vidole vyake. Alisema alisikia mtu anahema karibu na sikio lake, akageuka, akateleza, akaingia ziwani hadi magotini, na alipotaka kutoka kitu kikashika pindo la poncho. Hakikuvuta. Kilishika tu, kama mtu anayetaka kuambiwa neno. Alijichomoa akakimbia. Baada ya kusema hayo alilala, akawa anatazama dari, hali, hanywi, hajibu.

Huku kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mtu akishtuka mlimani, roho humtoka ikabaki palepale aliposhtukia, na mwili hushuka mtupu. Dawa yake haihitaji hata mganga. Unachukua nguo ya mtu huyo, magharibi inapoingia unaelekea upande alikotoka, unaipunga, unamwita kwa jina: njoo, usibaki huko, twende nyumbani. Kisha unaiburuta nguo hadi kitandani bila kutazama nyuma, unamfunika nayo. Eusebia alikwisha kuwaita wanawe hivyo mara ngapi kabla hawajakua na kwenda mjini! Na nguo inayofaa ni ile mtu aliyoshtukia ndani yake. Kwa hiyo alichukua poncho. Kosa lilikuwa hapo, na mwanamke yeyote wa huku angeweza kulifanya.

Aliita jina la Horacio mara tatu. Wakati wa kurudi poncho likawa zito, likawa linaburuzika kwa shida kama limelowa, naye akafurahi, akajua amempata. Akamfunika. Mgeni akafumbua macho, akaomba viazi.

Sasa mnaelewa kwa nini alikuwa amesimama pale jikoni na mwiko mikononi.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Unaniuliza mimi? Baada ya miaka yote hii?" Sauti ilikuwa ya Don Horacio, ile sauti yake ya puani, ya mtu wa mjini, lakini maneno yalikuwa ya Kikechua cha bonde hili, na Don Horacio hakujua hata neno moja la Kikechua. "Nipe supu, Bata. Baridi hii haijaniacha tangu siku ile."

Mlangoni mbwa, Puka, aliyekwisha kung'ata kila mgeni au kujaribu, aliingia akijikunyata, akalaza kichwa miguuni pa mtu yule, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Harufu ikatanda jikoni, harufu ya sufu mbichi na ya tope la chini ya maji.

Mngetegemea akimbie. Kwa miguu, nyumba ya shangazi Hilaria haikufika hata saa moja, na Hilaria, shangazi wa Saturnino, anajua mambo haya kuliko padri. Eusebia hakukimbia. Alichukua sufuria akamtilia supu. Msimcheke. Siku kumi na moja alimtafuta mumewe na wanaume wa vijiji vitatu, walitoboa theluji kwa miti mirefu, na hawakupata hata kiatu. Miaka mitatu amelala kitandani akijiuliza kama mtu wake amelala chali au kifudifudi, na kama ana jiwe juu yake au mbweha walimfikia. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka katika maisha haya: kujua alipo, akamchukue, amzike.

"Saturnino," alisema, na kulitaja jina lile kulimliza. "Uko wapi? Niambie ulipo nije nikuchukue."

"Kesho," mtu yule alisema, akisogeza bakuli. "Leo nina baridi. Nitilie nyingine."

Alikula sufuria nzima. Saa moja simu ya Don Horacio ilianza kulia mezani. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Wote wawili waliitazama. Eusebia akaichukua, akaifunika kwa mto wa kulalia.

Ijumaa ilipita hivyo hivyo. Alimchinjia simbilisi wawili, akamchemshia viazi vikavu, akamchanganyia majani ya koka ya kutafuna na majivu kama alivyopenda, na kila alipomuuliza alijibiwa kesho, au jioni, au nikipata joto. Walizungumza mambo ya zamani, ya harusi yao, ya ng'ombe aliyeingia kanisani, na kuna wakati Eusebia alicheka kwa sauti, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile siku nyingi. Kisha macho yake yakaangukia mikono ya mgeni. Kucha zilikuwa zimegeuka bluu. Poncho lilikuwa kavu ukilishika, lakini chini ya kigoda maji yalikuwa yanadondoka tone kwa tone, na sakafu ya udongo ilikuwa imeanza kuwa tope.

"Mwili huu ni mwembamba," alisema yule mtu, akijitazama mapaja. "Lakini utatosha."

"Na mwenyewe?" Eusebia aliuliza kwa sauti ya kujiiba. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko na ndege wake. Hajalalamika."

Usiku ule simu ililia mara tisa chini ya mto. Eusebia alizihesabu, akajifunika shuka mpaka kichwani, akajiambia kesho, kesho atasema, halafu nitamrudisha mtu wa watu.

Jumamosi, jua likiwa limeshapita kichwani, Hilaria aliingia uani na alpaka wake kumi na wawili, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu, fimbo mkononi na shavu limejaa koka. Hakusalimia.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Ndani, shangazi. Anaota moto."

"Basi yule wa kule juu ni nani?"

Eusebia aligeuka akautazama mlango.

"Nimepita ziwani asubuhi," Hilaria alisema, akishusha sauti na kumvuta mkono hadi nyuma ya ukuta. "Kuna mwanamume ndani ya kenyua anataja majina ya ndege. Taratibu, kwa sauti ya puani, kama anaandika. Nimemwita, hakuna mtu. Ninasogea, sauti inasogea. Hakuna nyayo, mwanamke! Alikuwa upande wa huku wa ziwa nilipofika. Nilipoondoka alikuwa ng'ambo, anapanda. Sasa niambie, huyo anayeota moto ni nani?"

Kabla hajajibiwa, ndani ya nyumba mtu alipiga mluzi katikati ya meno, na Hilaria, aliyemlea Saturnino tangu akiwa na miaka minne, akaketi chini kwenye mavi ya alpaka kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ulimwita kwa nguo gani?" aliuliza hatimaye.

"Kwa poncho. Ndilo alilokuwa amevaa."

"Poncho la Saturnino. Ambalo hukulifua."

Huku, siku ya tano baada ya maziko, nguo zote za marehemu hupelekwa mtoni zikafuliwa kwa maji yanayokwenda. Ndiyo pichka. Bila hiyo maiti hajui kwamba ameagwa.

"Ningefuaje nguo za mtu ambaye sijamzika?" Eusebia alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mlinitaka nifue! Wote mlinitaka nifue, kama vile amekufa!"

"Amekufa, mwanangu."

"Si yeye yule ndani?"

"Alikuwa yeye. Saturnino niliyemlea asingekaa ndani ya mwili wa mtu akala supu yake. Miaka mitatu kwenye maji ya mlima, mtu habaki alivyokuwa." Hilaria akatema koka. "Tangu lini yuko hapa?"

"Alhamisi jioni."

"Na ulimjua lini?"

Eusebia alitazama chini.

"Nimekuuliza ulimjua lini!"

"Alhamisi jioni."

Hilaria alimtazama kwa muda mrefu, na laiti angempiga kofi ingekuwa afadhali. "Roho hukaa jirani kwa siku tatu tu," alisema. "Jua likizama leo, imekwenda na mlima. Kalete poncho. Ukilifua, huyu atatoka. Akitoka, mimi nitapanda na shati la mgeni lenyewe, shati la jasho lake, nimwite. Haraka!"

Eusebia aliingia. Mtu yule alikuwa amekaa amegeuzia mlango mgongo.

"Vua nikufulie," Eusebia alisema. "Limejaa tope."

"Ukilifua, hutajua nilipo."

Alilishika poncho mabegani akalivuta, na lilitoka kwa uzito, na aliposhuka nalo kuelekea mtoni alisikia nyuma yake miguu ya Don Horacio, ile miguu myembamba ya mfamasia, ikija peku juu ya mawe, na mbwa akija nayo, na Hilaria akipayuka sala na matusi pamoja.

Mto ule unatoka kwenye barafu, ni wa kuruka tu, lakini maji yake yanauma. Eusebia alipiga magoti akalitosa poncho, na tope likaanza kutoka, jeusi, jingi kuliko linavyoweza kukaa ndani ya nguo moja, likawa linatoka na kutoka na kushuka na mto, na ukingoni yule mtu akaanza kutetemeka na kumsihi, akimwita Bata, akimwita mke wangu, akimkumbusha ahadi ya siku ya harusi na mtoto waliyemzika, kisha akasema kwa upole sana:

"Pita kenyua. Ziwa liache mkono wa kushoto."

Mikono ya Eusebia ikasimama ndani ya maji.

"Endelea," alisema.

"Panda mpaka kwenye jiwe lenye ufa, lile tulilokula chakula mwaka wa kwanza."

"Ninalijua. Endelea, baba."

"Fua!" Hilaria alipiga kelele. "Kila neno lake linakula jua! Fua, wewe!"

Nawaambia ukweli: hakufua. Alikuwa amepiga magoti na vidole vimekufa ganzi, poncho limetulia mikononi, anasikiliza. Na mtu yule alitaja kila jiwe, akirudia, akijisahihisha, akisema hapana, si hapo, ngoja nikumbuke, mteremko wa changarawe, halafu kijito, halafu kijito kingine, kwa sauti ya taratibu kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, huku kivuli cha mlima kikishuka bondeni, kikivuka paa la nyumba, kikivuka ua na alpaka, kikija kuwafunika wao wenyewe, na Eusebia alikiona kivuli kile, alikiona vizuri kabisa, na akasema tena, "Endelea."

"Kuna pango dogo," mtu alisema. "Siyo lile kubwa. Dogo. Mimi nipo chini ya—"

Hilaria alikuwa ameingia mtoni na sketi zake zote. Alimnyang'anya poncho, akalizamisha, akalikung'uta juu ya jiwe mara moja, mbili, tatu, na maji yakatoka meupe. Ukingoni mdomo wa Don Horacio ulibaki wazi bila neno. Kisha akaanguka, na Puka akanyanyua pua juu akalia.

Hilaria hakungoja hata kukamua sketi. Alichukua shati jeupe la mgeni, lenye jasho bado, kwenye mkoba wake, akapanda karibu kwa kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na nane, na sauti yake ikasikika kutoka juu muda mrefu: Horacio, njoo, usibaki huko, twende nyumbani. Ilikuwa inazidi kuwa mbali kila alipoita, kwa sababu alikuwa anafuata. Alirudi giza limeshaingia. Alimtandazia mgonjwa, aliyekuwa ameshalazwa kitandani, shati kifuani, akaweka kiganja juu yake, akangoja. Kisha akaliinua kwa vidole viwili.

"Jepesi," alisema. "Amevuka upande wa pili wa mlima. Anahesabu ndege tu, hata hageuki."

Asubuhi Eusebia aliitoa simu chini ya mto wa kulalia, akaipokea ilipolia.

Dada mtu, Graciela, alifika baada ya siku nane, na gari la kukodi kutoka Kusko na barua ya daktari wa mjini, aliyesimuliwa hali yake kwa simu, iliyosema ni ubongo, labda kwa ukosefu wa hewa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe na macho yaliyovimba kwa safari. Alimkuta kaka yake amekaa uani kwenye jua, amenyolewa, amechanwa nywele, shati safi. Ukimpa kijiko anameza. Ukimshika mkono anatembea. Alimpapasa uso, akamwita kwa majina ya utotoni, akamwonyesha darubini yake, na alipoona hakuna anachokitafuta mle machoni alilia kimyakimya, kisha akajifuta, akamgeukia Eusebia.

"Alipoanza kuwa hivi," aliuliza, "mlimwita mtu wa kumtazama mara moja?"

Hilaria alikuwa amekaa kizingitini anasokota sufu. Mkono wake ukasimama. Hakuinua kichwa.

"Siku ileile," Eusebia alisema.

"Nilikuwa napiga simu, napiga tu, haipokelewi. Nikawa najiambia, labda hakuna mtu wa kumjali kule." Graciela aliishika mikono ya Eusebia, ile mikono iliyopasuka kwa maji ya mto, akaibusu, wa kulia na wa kushoto. "Kumbe alikuwa nawe. Umemwosha, umemlisha kama mtu wako mwenyewe. Mungu akulipe, mama. Mungu akulipe kwa yote uliyomtendea kaka yangu."

Eusebia alitaka kuitoa mikono yake lakini mwanamke yule alikuwa ameishika kwa nguvu, anamtazama usoni, anangoja jibu.

"Amina," alisema.